Barua ya Madai

Jana nilikuona, Wakili Syombua,
kwenye runinga ya mkahawa wa hapa chini, sauti imezimwa,
mkono wa kulia juu, Katiba kifuani,
na ile suti ya zambarau
uliyoshonesha kwa mazishi ya baba yako.
Mhudumu akauliza, "Huyo si yule wa ghorofa ya nne?"
Nikasema ndiye.
Nikalipa chai. Mandazi sikuyamaliza.

Miaka kumi na tisa nimekuwa karani wako
hapa River Road, lifti ilikufa tukiwa na miezi mitatu
na mwenye jengo bado anaitoza kodi.
Nimepiga chapa neno *dhidi* hata
herufi D ikafutika kwenye kibodi.
Wakazi mia mbili na sita wa Mukuru, dhidi ya Jamhuri.
Mwuza miwa asiye na kibali, dhidi ya Jamhuri.
Marehemu, kupitia mjane wake, dhidi ya Jamhuri.

Leo Jamhuri imekutumia gari.
Limesimama mbele ya duka la vipuri, dereva ana tai,
anawafukuza watoto wanaojitazama meno kwenye mlango wake.

Nakumbuka usiku wa kituoni,
Julai, baridi ya kung'ata masikio,
wewe na chupa yako ya chai juu ya benchi la mbao.
Sajini alikuambia urudi asubuhi, kitabu cha mahabusu kimefungiwa.
Ukasema, "Afande, mimi sina haraka.
Mwenye haraka ni mteja wangu."
Saa kumi alfajiri ufunguo ukapatikana.
Ulikuwa mfukoni mwake.

Nakumbuka na yule jogoo,
ada yetu ya kesi nzima ya Kibera,
nilivyomficha ndani ya mkoba wa majalada
akawika hakimu akisoma uamuzi.
Ulicheka barabarani mpaka ukakaa chini.
Sijakuona ukicheka hivyo tena,
tangu tulipoanza kwenda mochari kuliko mahakamani.

Watu wanasema mengi. Kwamba umenunuliwa.
Kwamba hatimaye, Mungu si Athumani.
Mimi sikusema kitu. Nilifungasha vitabu vyako,
nikapangusa vumbi kwenye cheti,
ukutani pakabaki mraba mweupe
kama dirisha lisilofunguka.
Mlangoni uliniambia, "Barongo, nitakuwa yule yule."
Nikaitikia.
Lakini mwenye shibe, Wakili… wajua mwenyewe.

Basi leo ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi.
Saa tatu nikasikia viatu ngazini, vikipumzika ghorofa ya pili,
vikipumzika tena ya tatu.
Mama Lihanda.
Picha ya mwanawe ndani ya karatasi ya mkate,
yule mchomeleaji, aliyetoka kununua vijiti vya kuchomea
mwaka wa sita sasa.
"Yupo?"
"Amepanda cheo, mama."
Akatazama dari, akaniangalia mimi.
"Kumbe kuna juu ya hapa?"

Nilikosa jibu, nikamvutia kiti.
Kisha nikafanya kazi ulionifunza.
Nilianza juu kulia, tarehe.
*Kwa Mheshimiwa Kamishna.*
Nikasita hapo, chai ikapoa.
*Mimi ni mama wa Lihanda, ambaye habari zake unazijua.*
*Nataka kuambiwa alipo, akiwa hai au vinginevyo.*

"Wape siku saba," ulizoea kusema,
"usiwape nane, ya nane wanailalia."
Nimeandika saba.
Mama ametia kidole gumba, wino umemchafua hadi kwenye leso.
Nakala moja ya faili, nyingine ameikunja pamoja na picha.
Yako nitaileta mwenyewe, kwa miguu,
na mpokezi wako mpya atanigongea muhuri wa *Imepokelewa*.

Siku ya kwanza ni kesho.